Miaka tisa na vijana wa mtaa wetu

Niliingia kwenye utumishi wa vijana kanisani kupitia sare. Mwaka 2013 kwaya ya vijana ya mtaa wetu wa kanisa la Kilutheri ilileta vitambaa kwenye kibanda changu cha cherehani, kando ya barabara ya kupandia Machame, wilaya ya Hai. Walikuwa 22. Niliwapima mmoja mmoja, mabega, kifua, urefu wa mkono, na mtu akisimama mbele ya fundi huku amenyanyua mikono, mara nyingi huanza kuzungumza. Hadi namaliza nilikuwa nimejua nani analelewa na bibi, nani ameachia shule kidato cha pili, nani anasubiri majibu ya chuo, nani ameuza kuku wake ili alipe nusu ya pesa ya sare. Wiki mbili baadaye mwinjilisti wa mtaa akaja kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniambia mlezi wa vijana amehamia Dar es Salaam na wazee wamenitaja mimi.

Nikamwambia, "Mwinjilisti, mimi sijui kuhubiri."

Akanijibu, "Wahubiri tunao, mama. Wewe njoo ukae nao."

Nilikuwa na miaka 29, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka mitatu. Nilikubali kwa kuona aibu kukataa. Nalisema wazi kwa sababu wengi wanaoombwa kazi hii huikimbia wakidhani lazima kwanza wasikie sauti usiku. Wito wangu mimi ulinikuta njiani, nimeshaanza kazi. Nilitumika miaka tisa, hadi 2022, na ukiniuliza leo ni miaka ipi ya maisha yangu niliyofurahi kuliko mingine, nitakutajia hiyo. Ndiyo hiyohiyo niliyolia zaidi.

Kwa asiyejua utaratibu wa Kilutheri: mitaa kadhaa hufanya usharika, sharika hufanya jimbo, majimbo hufanya dayosisi. Sisi tuko Dayosisi ya Kaskazini, yenye makao yake Moshi. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, kwa hiyo kanisa kwetu ni jambo la babu na bibi. Kila unachotaka kukifanya, yupo mzee anayekumbuka jinsi baba yake alivyokifanya. Mlezi wa vijana huishi katikati: vijana wanamwona mzee, wazee wanamwona kijana. Ukikubali nafasi hiyo bila kuionea uchungu, umeshavuka nusu ya safari.

Kosa langu la kwanza lilitokana na haraka. Nilitaka mtaa uone kwamba hawakukosea kunichagua, nikaandaa kongamano la siku tatu wakati wa Pasaka ya 2014. Tulikodi tenti, spika na kinanda, tukaalika mhubiri kutoka Arusha, tukapanga chakula cha watu wote. Bajeti ilikuwa shilingi 2,300,000. Kadi za mchango tulizogawa zilirudi na ahadi za shilingi 2,100,000, nami nikazihesabu ahadi zile kana kwamba ni noti ziko mezani. Vijana walikuja kutoka mitaa yote ya usharika. Waliimba hadi sauti zikakauka. Watu walinishika mkono kunipongeza, na kweli moyo wangu ulijaa.

Jumatatu ya Pasaka mwenye spika akaja kudai, mchana akaja mwenye tenti. Tulipohesabu pesa mkononi tulikuta 1,450,000. Ahadi zilizobaki ziliendelea kuwa ahadi. Deni la 850,000 nililibeba mwenyewe, nikalilipa kwa kushona miezi mitano, na humo ndani ikaingia pesa ya ada ya chekechea ya mwanangu. Mume wangu sikumwambia. Alikuja kuambiwa na mwenye tenti, walipokutana kwenye gari la Boma Ng'ombe. Jioni hiyo alirudi, akakaa, akasema, "Mama watoto, mzigo huu tungeubeba wawili." Hakuongeza neno. Ningependa angegomba.

Lililoniuma zaidi ya deni ni hili: Jumamosi ya tatu baada ya kongamano, kwenye kipindi cha vijana walikuja watu tisa.

Tangu hapo niliweka utaratibu ambao nawashauri wote. Ahadi za mchango zihesabuni theluthi tu. Ikizidi, mshukuruni Mungu. Msikodi kitu ambacho malipo yake hayapo mkononi siku hiyo. Na kabla ya kuomba pesa ombeni vitu. Mama anayeshindwa kutoa 20,000 atatoa mkungu wa ndizi, atatoa sufuria, atakuja mwenyewe kupika, tena kwa furaha. Pasaka ya mwaka uliofuata tulifanya ndani ya kanisa letu, kwa ngoma zetu, chakula kikitoka majumbani. Taslimu tuliyotumia ilikuwa shilingi 140,000. Hakuna aliyekuja kudai.

Pesa ilinifundisha mara mbili. Mwaka 2015 tulikuwa tunachangishana kwa ajili ya safari, na michango ilikuwa inaingia kwenye simu yangu, laini ileile ninayolipiwa na wateja wa cherehani. Mwingine akinipa mkononi, naiweka kwenye pochi. Mzee mmoja wa kanisa akaomba hesabu mbele ya baraza la wazee. Nilisimama na kidaftari changu, nikajumlisha, nikajumlisha tena, na shilingi 64,000 sikuweza kuieleza. Sikuiba. Najua ilichanganyikana na ya duka, labda nikanunulia vifungo na uzi. Lakini mbele ya wazee kumi na wawili, "sikuiba" si hesabu. Nilirudisha 64,000 yote, nikaenda nyumbani nikiwa nimeazimia kuacha kazi.

Mchungaji ndiye aliyenizuia, na hakunizuia kwa maneno ya kunifariji. Alinipa kitabu cha stakabadhi. Tukapanga kwamba mchango wowote, hata wa shilingi 500, unaandikiwa stakabadhi. Pesa inahesabiwa na watu wawili, na mmoja wao lazima awe kijana. Kila baada ya vipindi viwili inakwenda kwa mhazini wa usharika. Na kila mwisho wa mwezi hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya vijana wote. Laini ya simu ya michango tuliitenga, na aliyeishika hakuwa mimi. Wapo watakaokuambia kwamba stakabadhi kanisani ni kutoaminiana. Usiwasikilize. Mimi daftari lilinilinda zaidi ya jina langu zuri.

Sasa niwaambie kuhusu kipaimara, ile ibada ya kuwathibitisha watoto katika imani, kwa sababu hapo ndipo makanisa yetu yanapowapoteza watoto huku yakipiga vigelegele. Mtoto anafundishwa miaka miwili, anakariri, anasimama mbele ya usharika amevaa nguo nyeupe, nyumbani kunachinjwa, ndugu wanatoka Dar na Nairobi, zawadi zinatolewa. Jumapili inayofuata hayupo. Kwa wengi imekuwa kama mahafali ya kuhitimu kanisa. Kundi la mtaa wetu la mwaka 2015 lilikuwa na watoto 31. Baada ya mwaka mmoja niliwatafuta kwenye vipindi vya vijana, nikawakuta sita.

Nilipeleka malalamiko kwenye kikao: watoto wa siku hizi, simu, wazazi. Binti mmoja wa kwaya, mpole, ambaye hakuwa na kawaida ya kuchangia, akanyoosha mkono akauliza, "Mlezi, kuna yeyote hapa aliyewaalika?" Kikao kizima kikanyamaza. Hakuna aliyewaalika. Tulikuwa tunawasubiri.

Mwaka uliofuata, miezi mitatu kabla ya kipaimara, kila kijana mkubwa alikabidhiwa mtoto mmoja. Kazi yake ilikuwa ndogo: amjue jina na nyumbani kwao, amsalimie mama yake, na Jumamosi ya kwanza baada ya kipaimara ampitie waje wote. Hatukuhubiri kitu. Kati ya 27 wa mwaka ule, 17 walikuwa bado nasi mwaka mmoja baadaye. Wale ambao hawakubaki, angalau tulijua wako wapi: wengine shule za bweni, wawili wamehamia Arusha, mmoja anauguza baba.

Hapo ndipo nilipoanza kutembea. Fundi akikushonea bila kukupima, nguo haikukai. Nami nilikuwa nimepanga vipindi vyote vya vijana bila kumpima mtu. Nilianza na kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa mwimbaji mzuri wa besi, akatoweka. Wenzake walisema amepoa, amerudi duniani. Nikamfuata kijiweni. Akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo mlezi," kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi mlezi, Jumamosi saa tisa hadi saa kumi na mbili unajua mimi hupata shilingi ngapi?" Jumamosi jioni ndiyo saa ya abiria kwake: watu wanatoka mnadani, wanatoka misibani, wanatoka harusini. Pikipiki haikuwa yake, na jioni ile ndiyo iliyomlipia hesabu ya mwenye chombo. Sisi tulikuwa tumeweka kipindi palepale, halafu tukamwita mtu aliyerudi nyuma.

Tukauliza wengine. Tukagundua kwamba saa ile ya Jumamosi ilifaa wanafunzi na wale waliolishwa na wazazi. Muuza mbogamboga haikumfaa, wala dada wa saluni, wala kibarua wa shamba la kahawa. Tuliongeza kipindi kingine, Jumanne saa nne asubuhi, palepale kijiweni, saa ambayo abiria ni wachache. Mwinjilisti alikuja na Biblia yake, tukasoma fungu moja fupi, tukazungumza nusu saa. Siku ya kwanza pikipiki zilikuwa tatu. Baada ya miezi michache nikahesabu nane, zimepangwa kwenye kivuli, na wenyewe wamevua kofia. Walileta maswali ambayo kanisani sikuwahi kuyasikia: mtu akimgonga kuku wa watu usiku, hakuna aliyeona, afanyeje, abiria akisahau simu, ukiwa unamdanganya tajiri wa pikipiki kuhusu mafuta kwa sababu na yeye anakudanganya kuhusu matengenezo, dhambi ni ya nani. Nilikuwa narudi kwenye cherehani yangu saa tano nikiimba peke yangu. Wateja waliniuliza kuna nini.

Kuna jambo moja nitalisimulia kwa ufupi kwa kuwa bado linaniumiza. Binti mmoja wa sauti ya kwanza alipata ujauzito akiwa na miaka 19, hajaolewa. Kwa taratibu zetu alisimamishwa kwaya hadi atakaporudi kundini. Utaratibu wa kanisa naufahamu na sijaja kuubishia hapa. Lakini nyumbani kwao ni hatua chache kutoka kibandani kwangu, na kwa miezi saba sikupita kumsalimia. Kanisa lilimsimamisha kuimba. Urafiki nilimnyima mimi mwenyewe, na hilo hakuna aliyeniagiza. Alipojifungua nilikwenda na khanga na sukari. Mama yake akanikaribisha vizuri. Yeye akaniangalia akasema, "Nilikuwa nasikia cherehani yako kila siku, mlezi." Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya mama yake. Alirudi kundini, na kwa miaka mingi sasa anafundisha shule ya Jumapili, watoto wanamkimbilia. Kama wewe ni mlezi na kijana wako ameanguka, nenda wiki hiyohiyo. Usisubiri kikao kiamue kwanza. Kumsalimia mtu hakuhitaji muhtasari.

Safari ya Tanga ilikuwa Agosti 2017. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona bahari, na usharika mmoja wa Tanga mjini ulikubali kutupokea. Tulikodi Coaster. Nilikagua matairi na viti nikaridhika, ila sikuuliza kibali cha SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati ule (sasa ni LATRA), cha gari kutoka nje ya njia yake. Tulisimamishwa Same. Dereva hakuwa nacho. Tulikaa pale zaidi ya saa nne juani, watoto wanalia njaa, hadi mambo yalipotengenezwa kwa faini na simu nyingi. Kisha Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, usiku umeshaingia. Tulifika Tanga saa nne usiku, na wenyeji waliokuwa wakitusubiri tangu alasiri wakaanza kuwachukua vijana majumbani kwao, wawili hapa, watatu kule, gizani, kila mtu amechoka na anataka kulala.

Nilipohesabu majina, binti mmoja wa miaka 16 sikujua kaenda na nani.

Nilimtafuta kwa saa moja na nusu. Simu yake ilikuwa imezima chaji. Nilikuwa nimesimama uani mwa kanisa geni, nikiwaza sura ya mama yake aliyeniambia alfajiri, "Nakukabidhi." Sijawahi kuomba vile maishani. Alipatikana salama nyumbani kwa mama mmoja mzee wa kanisa, ameshakula, amelala fofofo. Nilikaa chini kwenye ngazi nikalia mbele ya wenyeji wangu bila kujizuia.

Mungu alinirehemu, lakini rehema haifai kuwekwa kwenye mpango wa safari. Tangu hapo sikutoka na vijana bila mambo haya. Barua ya ruhusa iliyosainiwa na mzazi, yenye namba yake ya simu na maelezo ya ugonjwa wowote wa mtoto. Orodha ya malazi iliyoandikwa kabla ya kuondoka, yenye jina la mwenyeji na nani analala na nani, nakala moja kwangu, moja kwa mchungaji, moja kwa mwenyeji. Wasichana na wavulana nyumba tofauti, na hakuna mtoto anayelala peke yake ugenini. Watu wazima wawili au zaidi, mmoja mwanamke, na kila baada ya kituo watu wanahesabiwa. Kibali cha gari kionekane kwa macho siku tatu kabla. Saa ya kufika iwe mchana. Ikishindikana, safari iahirishwe.

Na liko lingine ambalo makanisani tunaliogopa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwaya ya vijana imejaa watoto kwa maana hiyo. Kiongozi yeyote, hata awe na upako gani, asikae na mtoto peke yake chumbani, asimchukue peke yake usiku kwa pikipiki, asimtumie ujumbe wa faragha saa za usiku. Tuliyaandika haya, tukayasoma mbele ya vijana wenyewe ili nao wajue haki yao. Mtoto akikuambia ameguswa vibaya, usimwambie akae kimya kulinda jina la kanisa. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, na kwenye vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Wazee wetu wawili walisema nawatia watoto mashaka. Wazazi walinishukuru.

Asubuhi ile ya Tanga tulishuka ufukweni. Walivua viatu bila kuambiwa. Kijana mmoja mrefu, ambaye nyumbani hujifanya mgumu, alionja maji kwa kidole, akageuka akaniambia, "Mlezi, kumbe ni kweli yana chumvi." Kisha mmoja akaanzisha wimbo, na sauti zote nne zikaingia, mawimbi yakipiga chini yao. Nimesikia kwaya nyingi. Ile naisikia mpaka leo.

Furaha kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilitoka kwenye kazi ambazo hazikuwa na jukwaa. Tulianza kwa kumlimia bibi mmoja mjane shamba lake la mahindi kule tambarare, tukaona vijana wanaokacha kipindi hawakachi jembe. Tukazibua mfereji wa maji uliokuwa umeziba tangu masika. Tukamwezekea mzee mmoja jiko. Nilijifunza kwamba kijana asiyeweza kusali kwa sauti mbele ya watu anaweza kubeba bati kichwani kilomita mbili, na akishalibeba anajiona wa nyumbani.

Mwaka 2018 tukaanza kwenda KCMC, hospitali kubwa ya rufaa pale Moshi, Jumamosi moja kila mwezi. Tuliandika barua ya kuomba ruhusa, tukaambiwa wodi na muda. Kwa wanaotaka kuanza huduma hii: nendeni wachache, sisi hatukuzidi kumi, imbeni kwa sauti ya chini, msimwombee mtu kabla ya kumuuliza kama angependa, msipige picha kabisa. Na kabla ya kununua zawadi waulizeni wauguzi kinachohitajika. Sisi tulinunua biskuti mara ya kwanza. Muuguzi akatuambia kwa upole kwamba wengi wanahitaji sabuni, kandambili, mafuta ya kupaka, na wengine nauli ya kurudia nyumbani.

Siku moja kwenye wodi ya wanaume tulikuta mzee wa upande wetu, mwembamba sana, amegeukia ukutani. Tulipomaliza kuimba akasema jambo kwa Kimachame. Vijana wakatazamana. Mimi nilimwelewa: aliuliza kama hatujui zile za zamani, za lugha yake. Kati ya vijana tisa niliokuwa nao, wawili tu walijua ubeti mmoja wa wimbo wa Kimachame, wamefundishwa na bibi zao. Wakauimba wawili, kwa kusitasita. Yule mzee akageuka, taratibu, akaingia ubeti wa pili peke yake, sauti imepasuka lakini maneno yote yapo. Alipomaliza akawashika mikono akawauliza ni wa ukoo gani, na mmoja wao akagundua kwamba mzee yule na babu yake walikuwa kundi moja la kipaimara.

Kwenye daladala ya kurudi hakuna aliyezungumza hadi tulipokaribia nyumbani. Kisha yule binti mpole, yule wa swali la kuwaalika, akasema, "Tukajifunze." Tukaenda. Kwa miezi minne, kila Jumapili alasiri, kwaya ya vijana ilikuwa inakaa kwenye migomba ya bibi mmoja wa miaka zaidi ya themanini, anawakaririsha mashairi, anawakemea wakitamka vibaya, anawapa maziwa mgando. Bibi yule alikuwa hatoki tena nyumbani kwa sababu ya miguu. Majirani walisema amerudi ujana. Na yule mzee wa wodini, tuliporudi mwezi uliofuata, kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Vijana walimwimbia huyo.

Yapo yaliyonichosha. Nyumbani nilikuwa nafika usiku. Mwanangu alipokuwa darasa la pili alimwambia mwalimu wake kwamba mama hufanya kazi kanisani na nyumbani hukaa baba. Mume wangu, ambaye kwa miaka yote hiyo hakunikataza hata mara moja, aliniambia tu, "Na hapa kwetu yuko kijana." Nilianza kuzima simu Jumatatu na Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili jioni, na vijana wote wakaijua ratiba hiyo. Wa dharura alimpigia mwinjilisti. Nilidhani watalalamika. Walianza kuwaambia wateja wangu, "Leo Alhamisi, mlezi hapatikani." Ningeifanya mwaka wa kwanza ningeokoa mengi.

Kuondoka pia kulinishinda kidogo. Miaka saba nilikuwa nashika kila kitu: funguo, daftari, namba za simu, hata ufunguo wa sauti wa mwalimu wa kwaya, mimi ndiye niliyejua ulipoandikwa. Nilipougua malaria mwaka 2020, nikalala wiki mbili, vipindi vyote vilisimama. Nikaona nilichokijenga ni kitu kinachosimama kwa miguu yangu. Miaka miwili ya mwisho nilikaa nyuma ya chumba kwa makusudi. Waliongoza vibaya mwanzoni, wakachelewa, wakagombana kuhusu rangi ya sare mwezi mzima. Mara nyingi nilikuwa nauma mdomo. Mwishoni mwa 2022 nikakabidhi kila kitu mbele ya mchungaji kwa orodha iliyoandikwa: stakabadhi, ngoma tatu, kinanda kimoja chenye kitufe kibovu, barua za hospitali, majina 53 na nyumba zao.

Januari iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kina mama kama muumini mwingine yeyote. Baada ya matangazo akasimama mhazini wa vijana kusoma hesabu ya mwaka. Alikuwa yule kijana wa bodaboda, koti la pikipiki juu ya sare niliyomshonea. Alisoma mapato, akasoma matumizi, akafika kwenye salio: shilingi 12,350. Mzee mmoja akanyoosha mkono. Ni yuleyule aliyeniuliza mimi mwaka 2015, sasa anatembelea mkongojo. Akauliza kuhusu nauli ya shilingi 4,000 ya mwezi wa kumi, ilikuwa ya nani na ya kwenda wapi.

Kijana hakubabaika. Akafungua kitabu, akatafuta, akachomoa karatasi, akashuka kutoka mbele akampelekea mzee pale alipokaa. Ilikuwa ni nauli ya mgonjwa mmoja wa KCMC ya kurudi kwao. Mzee akavaa miwani, akaisoma stakabadhi mbele na nyuma, kanisa zima limetulia, kisha akamrudishia.

"Endelea, mwanangu," akasema.